Kitabu cha nyangumi: tazama mkia kwanza

Mwanangu yuko darasa la pili na bahari hajawahi kuiona. Kiumbe wa majini anayemjua vizuri ni perege wa Mtera, tena akiwa kwenye kikaango. Nikamnunulia kitabu cha wanyama wa baharini, Sh 18,000, jalada linang'aa. Jioni tukakifungua, akauliza, “Mama, mbona mkia wa nyangumi kama wa perege?” Nikatazama: umesimama wima! Ukurasa unaofuata: “Nyangumi ni samaki mkubwa.” Elfu kumi na nane yangu ikaishia hapo.

Siku hizi jalada silitazami, naenda moja kwa moja kwenye mkia. Mkia wa samaki umesimama, unapiga kushoto na kulia. Wa nyangumi, pomboo na nguva umelala bapa kama mwiko, unapiga juu na chini, kwa sababu mababu zao walikuwa wanyama wa nchi kavu na mgongo wao bado unapinda kama wa sungura akikimbia. Hata potwe wa Mafia, papa anayeweza kupita mita 10, mkia wake umesimama, maana ni samaki. Sasa mchoraji aliyekosea hapo, nimwamini akinieleza kwamba pomboo huvuta hewa kwa tundu la utosini na hunyonyesha?

Kwa wachapishaji, kwangu wa kwanza ni DK wa Uingereza, wala sifichi upendeleo. Wanatumia sana picha za kamera, na kamera haikosei mkia. Vya kujifunzia kusoma vina madaraja. Anayeanza mpe la 1, usimrushe. Ni vya Kiingereza, kwa hiyo anayesoma shule ya Kiswahili itabidi ukae naye.

Usborne, wachapishaji wengine wa Uingereza, wanafuata. Sentensi fupi, picha kubwa, ila michoro ni mingi, hivyo kagua. Kitabu chochote chenye nguva nakiongezea alama: yuko pwani yetu, Rufiji na Kilwa, japo wamebaki wachache, na anakula nyasi za baharini. Mtoto aliyekulia Ugogoni anamwelewa mara moja, ni ng'ombe huyo.

Vitabu vya mitumba sawa, ila hesabu kurasa kama zimetimia. Vile vya Sh 3,000 vya kutandazwa chini, pita.

Kinachonichosha ni nailoni. Vitabu vyote vimefungwa, na muuzaji anakwambia, “Dada, ukichana umenunua.” Mkia nitauonaje? Ukilalamikia bei, jibu ni usafiri kutoka Dar, miaka nenda rudi. Reli mpya ya SGR imefika Dodoma tangu 2024, bei haijashuka hata mia. Juzi nilimwambia mmoja achane yeye mwenyewe anioneshe mkia. Akaniangalia kama nimekosea njia ya buchani, kisha akachana.

Ulikuwa umesimama.