Darasa la mapishi Hoi An, Vietnam: lina thamani ya pesa yako?

Wapenzi watazamaji, hamjambo na karibuni sana. Leo nachambua kitu ambacho wengi mmekuwa mkiniuliza tangu niweke zile picha za Vietnam: darasa la mapishi. Nazungumzia lile la kufunga aproni, kushika kisu na kutoka jikoni nguo zikinuka vitunguu, siyo la kukaa kitini ukimtazama mpishi. Mimi nilisoma Hoi An, mji wa kale ulioko katikati ya Vietnam, kando ya mto Thu Bon, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Jina la shule sitalitaja. Madarasa ya namna hii yamejaa mji mzima, na ninachotaka mkipate leo ni jinsi ya kulijua lililo zuri kabla hujatoa hela.

Jibu nalitoa mapema, mwenye haraka aende zake: nenda. Ila nenda kwenye darasa linaloanzia sokoni au shambani, lenye watu wachache, na ambalo kila mwanafunzi ana jiko lake mwenyewe. Likikosa hayo, hela yako kale chakula tu. Hoi An ina wapishi wa barabarani ambao utakula kwao mpaka ufungue mkanda, kwa bei ndogo sana.

Bei za darasa la nusu siku nyingi niliziona kati ya dola 25 na 45 za Marekani kwa mtu mmoja, chakula kikiwa ndani yake. Dola moja inazidi dong 25,000 za Vietnam, kwa hiyo ukiona bango limeandikwa karibu milioni moja usishtuke, piga hesabu kwanza.

Haya, tuingie sokoni. Tazameni hapa, hili ndilo soko kuu la Hoi An, liko karibu kabisa na mto. Mwalimu mzuri utamjua hapa hapa. Wa kwetu hakutupitisha mbio akituonyesha samaki tupige picha. Alisimama mbele ya mama mmoja muuza majani, akachuma jani moja moja na kumpa kila mtu: nusa, tafuna, useme umesikia nini. Mnanaa tunaujua. Mrehani wao una harufu kali inayokaribia ya mdalasini. Kuna jani lenye rangi ya kijani upande mmoja na zambarau upande wa pili, wanaliita tia to. Halafu kuna diep ca, jani lenye umbo la moyo, ukilitafuna unasikia samaki mbichi kabisa mdomoni! Wengi walilitema. Mimi nililipenda, na nilipokuja kulila ndani ya chakula cha mafuta nikaelewa kazi yake, maana linakata mafuta na kinywa kinabaki chepesi.

Hili nataka mlishike, kwa sababu ndilo lililobadilisha namna ninavyopika leo. Kwetu majani tunayatumia kwa uchache: giligilani kidogo juu ya mchuzi, basi. Kwao majani ni chakula. Sinia la majani mabichi linakuja mezani limejaa, na kila tonge linafungwa na majani yake.

Nisilisahau hili pia. Sokoni utakuta mafungu ya korosho za kukaanga, nzuri, kubwa kubwa. Vietnam ni miongoni mwa wabanguaji wakubwa wa korosho duniani, na sehemu kubwa ya korosho ghafi wanazobangua wananunua nje, zikiwemo za Mtwara na Lindi. Nilizishika nikaumia moyo. Mkulima wetu anauza ghafi, na kazi yote ya kubangua na faida yake inafanyika huku.

Kutoka sokoni tulikwenda Tra Que, kijiji cha bustani za mboga kilicho kama kilomita tatu kutoka mji wa kale. Mwaka 2024 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikiweka kwenye orodha yake ya vijiji bora vya utalii, na ukifika unaona kwa nini. Matuta yamenyooka, udongo ni mchanga mchanga, na mbolea yao ya asili ni majani ya majini wanayoyavua kwenye maji yaliyo jirani na kuyafukia chini ya tuta. Kumwagilia wanatumia mzega begani, ndoo mbili za kunyunyizia, moja kila upande. Nimejaribu. Ukiinamisha ndoo zote mbili kwa pamoja, maji yanatoka kama mvua ya rasharasha juu ya matuta mawili kwa wakati mmoja. Ukiyumba kidogo, umelowa. Mabibi wa pale, wengine umri umekwenda kweli, wanatembea nao bila hata kuangalia chini.

Sasa jikoni. Kituo cha kwanza kilikuwa karatasi za mchele, zile nyembamba za kufungia chakula. Mchele umelowekwa, unausaga kwa jiwe la mkono, unapata uji mweupe mwepesi. Juu ya chungu cha maji yanayochemka wamekaza kitambaa kama ngozi ya ngoma. Unachota uji kwa upawa, unaumimina katikati, kisha kwa mgongo wa upawa ule ule unauzungusha kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu, bila kukandamiza. Unafunika, muda mfupi tu, unafunua. Ule weupe sasa umekuwa wa kung'aa, unaona kitambaa kwa chini. Hapo unapitisha kijiti cha mwanzi chini yake na kuunyanyua mzima mzima. Kama darasa unalotaka kulipia lina kituo hiki, hiyo ni dalili njema, kwa sababu hapa hakuna mtu wa kukufanyia. Mkono wako ndio unaojifunza.

Tukaja kwenye nuoc mam. Jamani, hapa ndipo thamani ya darasa zima ilipo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Nuoc mam ni maji yanayotoka kwenye samaki wadogo waliovundikwa na chumvi. Samaki wenyewe ni wa jamii moja na dagaa wetu wa baharini. Kwenye kisiwa cha Phu Quoc, maarufu kwa kazi hii, wanapanga samaki na chumvi kwenye mapipa makubwa ya mbao, kiasi cha sehemu tatu za samaki kwa moja ya chumvi, na kuacha karibu mwaka. Nuoc mam ya Phu Quoc ilipata ulinzi wa jina kwenye Umoja wa Ulaya mwaka 2012. Ukinunua chupa, tafuta namba kwenye karatasi yake: 30, 35, 40, na herufi N pembeni. Hicho ni kipimo cha naitrojeni inayotokana na protini ya samaki, na namba ikipanda, ladha inakuwa nzito zaidi. Ikiwa 40 ni ya kuchovya, ndogo zaidi tumia kupikia.

Mwalimu alitupa kila mmoja bakuli tupu, nuoc mam, ndimu, sukari, maji ya vuguvugu, kitunguu saumu na pilipili. Akatupa uwiano wa kuanzia: kijiko kimoja cha sukari, kimoja cha ndimu, kimoja cha nuoc mam, maji vijiko vitano. Baada ya hapo akakataa kutuambia chochote. Onja. Bado. Onja tena. Kwa kijiko kile kile alipita meza kwa meza, anaonja cha kila mtu, anasema neno moja tu, chumvi, au ndimu, anaondoka. Ndimu zenyewe hazifanani, nyingine zina maji mengi na uchachu mdogo, kwa hiyo uwiano ni wa kuanzia tu, ulimi ndio unaomaliza. Na kitunguu saumu na pilipili vinaingia mwisho, vikiwa vimekatwa vidogo sana, ili vielee juu. Ukivitia mapema vinazama na sosi inaonekana imechoka. Sosi hii sasa natengeneza nyumbani, naweka juu ya samaki wa kuchoma, na hata juu ya kachumbari, na familia imeikubali.

Chakula cha kupika kilichonifurahisha kupita vyote ni banh xeo, mkate mwembamba wa mchele wa kukaanga. Unga wa mchele, maji, manjano, na majani ya kitunguu. Kusini mwa nchi wanaongeza tui la nazi na kuufanya mkubwa kama sinia. Huku katikati ni mdogo, wa kiganja. Mtu wa Pwani akiuona atasema hivi ni vibibi. Sawa, ila hapa hakuna hamira wala sukari, na moto ni mkali kweli kweli. Kaango lazima lianze kutoa moshi mwembamba. Unamwaga uji, unasikia kelele, unalizungusha kaango uji upande pembeni mpaka ule ukingo uwe mwembamba kama karatasi. Kamba, chipukizi za choroko, funika kidogo, funua, na sasa subiri. Usiuguse. Ukingo utajinyanyua wenyewe kutoka kwenye chuma, umekuwa kahawia, ndipo unakunja. Wenye haraka wote pale darasani walipata kitu laini kilichochanika. Unaula umeufunga kwenye karatasi ya mchele na rundo la majani yale ya asubuhi, unachovya.

Kisha kuna pho, ile supu ya tambi za mchele ambayo dunia nzima inaijua. Hapa nina malalamiko. Supu ya mifupa inachukua saa nyingi kuchemka, kwa hiyo tuliikuta tayari. Kazi yetu ilikuwa kuchoma tangawizi na vitunguu juu ya moto mpaka viungue nje, kukaanga mdalasini, iliki nyeusi na kile kiungo chenye umbo la nyota, kuvitumbukiza kwenye sufuria iliyokwisha kuiva, na kupanga bakuli. Harufu ilikuwa nzuri, mdalasini wa milima ya Tra My ni mnene na una mafuta hasa, lakini sikujifunza kupika pho, nilijifunza kuipakua. Isitoshe, pho asili yake ni kaskazini. Ukiwa Hoi An na shule ikakupa uchague, acha pho, chagua vya hapa.

Na cao lau, je? Hizo ndizo tambi za Hoi An wenyewe, nene, za kutafunika. Wenyeji wanasema zinahitaji maji ya kisima cha kale cha Ba Le na magadi ya majivu ya miti ya visiwa vya Cham. Darasani unapewa zikiwa tayari. Kazile mgahawani, inatosha.

Sasa, ndugu zangu Waislamu, na wengine msiokula kitimoto, sikilizeni vizuri hapa. Nguruwe yupo karibu kila mahali kwenye mapishi haya. Cao lau ina nyama yake. Goi cuon, zile karatasi za mchele zilizofungiwa chakula bila kukaangwa, mara nyingi zina kamba na nguruwe pamoja. Banh xeo wengine wanaukaanga kwa mafuta yake, na ile sosi nzito ya karanga wanayoila nayo maeneo ya Da Nang, jiji la jirani, na hapa, kwa kawaida ina maini ya nguruwe ndani, na kwa macho huwezi kuyaona. Andika kwa shule siku moja au mbili kabla. Omba kaango safi la peke yako, mafuta ya mimea, kamba badala ya nyama. Nilichokiona, wanaelewa na hawanuni. Njia nyingine ni kuomba darasa la chay, yaani mapishi yasiyo na nyama wala samaki. Wabudha wengi huku wanakula hivyo siku ya mwezi mwandamo na siku ya mwezi mpevu, kwa hiyo si maombi ya ajabu, wapishi wao wanayajua fika. Ila chay haitakuwa na nuoc mam ya samaki, wanatumia ya soya, na utakosa somo lile nililolisifia.

Wengi watakuuzia kifurushi chenye ngalawa za kikapu, zile za mviringo, kwenye msitu wa minazi ya majini kule Cam Thanh. Muziki mkubwa, watu wanazungushwa, picha. Watoto watafurahi. Lakini kila saa unayokaa kwenye kikapu ni saa uliyoikosa jikoni, na madarasa yenye kikapu ndiyo niliyokuta viungo vimeshakatwakatwa na kupangwa kwenye vibakuli, wewe unamimina tu. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili: nani anakata viungo, na tuko wangapi kwa kila mwalimu? Wakizidi kumi, tafuta kwingine.

Kuhusu kufika: uwanja wa ndege ni wa Da Nang, kama kilomita 30 hivi. Tangu Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja. Epuka Oktoba na Novemba. Mto Thu Bon unafurika na mji wa kale unajaa maji, masoko na mashamba hayapitiki. Kuanzia Februari mpaka Agosti kuna jua, ingawa kuanzia Juni jikoni ni joto la kutoa jasho, kwa hiyo chukua darasa la asubuhi.

Chupa ya nuoc mam ukiinunua, ifunge mifuko miwili na uulize shirika lako la ndege kabla hujaipakia, yapo yanayoikataa. Namba za uwiano wa ile sosi nimeziweka hapo chini. Atakayeitengeneza na ndimu za kwetu aniambie aliongeza maji au alipunguza.