Haversini au Vincenty: ipi ya kupimia safari ya Nairobi hadi New York?

Zote mbili ni kanuni za kukokotoa umbali kati ya sehemu mbili za Dunia kwa kutumia latitudo na longitudo zake. Kanuni ya haversini huichukulia Dunia kuwa tufe kamili lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371. Mstari mmoja wa Excel unatosha. Kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, hadi ule wa JFK, New York, nimepata karibu kilomita 11,840. Ila kuwa makini: longitudo ya New York iko magharibi, kwa hiyo huandikwa kwa alama ya kutoa, -73.78. Ukiisahau alama hiyo, kanuni haitakuonya. Itakupa umbali wa kwenda Kyrgyzstan. Nyuzi za latitudo na longitudo nazo zigeuzwe kwanza kuwa radiani, kipimo kingine cha pembe.

Vincenty, ya mwaka 1975, inazingatia kwamba Dunia imebonyea kwenye ncha: nusukipenyo ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 nchani. Kwa usahihi inashinda waziwazi, kwani haversini inaweza kupotoka hadi karibu asilimia 0.5, na kwa safari ndefu hivi hizo ni makumi ya kilomita. Lakini Vincenty hurudia hesabu hatua kwa hatua, kuiandika mwenyewe ni kazi, na viwanja viwili vya ndege vinavyokaribia kukabiliana pande mbili za Dunia vinaweza kuikwamisha kabisa. Haversini haikwami.

Ndege yenyewe hupinda njia kwa sababu ya upepo na anga zilizofungwa, hivyo kwa kukadiria saa za safari, mimi haversini yanitosha. Unaandika programu ya upimaji ambayo wengine wataitegemea? Hapo ugumu wa Vincenty unalipa.