Minada ya bunduki mtandaoni Marekani: upi wa kununua, upi wa kuuza, upi wa kuuacha

Bunduki yangu ya kwanza ya mnadani niliishinda kwa dola 310, saa tano usiku, nikiwa jikoni na simu mkononi. Siku nilipoibeba dukani nilikuwa nimeshatoa dola 414 na senti 50. Usafirishaji 40, makato ya kadi asilimia 3 ambayo ni dola 10 na nusu, kodi ya mauzo 24, ada ya duka lililonipokelea 30. Karibu vyote vilikuwa vimeandikwa kwenye tangazo, kule chini kabisa, ambako mtu aliyeshikwa na homa ya kupandisha dau hateremki kusoma.

Ndiyo maana Mswahili mwenzangu wa huku akiniuliza mnada gani wa bunduki ni mzuri, na msimu wa kulungu ukikaribia huulizwa sana, mimi huanza na duka.

Tafuta duka kabla hujatafuta mnada

Tangu sheria ya mwaka 1968, mtu wa jimbo moja haruhusiwi kumtumia mtu wa jimbo jingine bunduki moja kwa moja. Lazima ipitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya serikali kuu, ambaye wote humwita FFL. Ukishinda mnada, muuzaji anaituma bunduki kwa FFL uliyemchagua wewe. Unakwenda na kitambulisho, unajaza fomu 4473, FFL kwa kawaida anawauliza FBI kupitia mfumo wao wa ukaguzi, jibu likiwa zuri unaondoka na mzigo wako. Bastola ni kuanzia miaka 21, bunduki ndefu kuanzia 18, na majimbo mengine yana masharti juu ya hayo: California utasubiri siku 10, Illinois utaonyesha kwanza kadi yao ya mwenye bunduki, FOID.

Kwa hiyo piga simu maduka matatu ya karibu. Uliza wanatoza kiasi gani kupokea bunduki ya mnadani. Mtaani kwangu nimetajiwa dola 20 na nimetajiwa 75 kwa kazi ileile. Uliza pia kama wanapokea mzigo uliotumwa na mtu binafsi asiye na leseni. Wengine hawapokei, na ukiligundua hilo baada ya kulipa, mzigo utakaa njiani huku wewe na muuzaji mkirushiana barua pepe.

Sasa tuje kwenye minada yenyewe, nikiipanga kwa namna ningemshauri mtu anayenunua bunduki ya kawaida ya kuwindia au ya nyumbani.

1. GunBroker

Mwaka 1999 eBay waliacha kuuza bunduki, na mwaka huohuo GunBroker wakaanza. Tangu hapo hili ndilo soko lenyewe. Mwaka 2021 lilinunuliwa na Ammo Inc., kampuni ya risasi, kwa dola karibu milioni 240. Mwaka 2025 kampuni hiyo ikaiuza biashara ya risasi ikabaki na mnada. Hilo peke yake linakuambia fedha ziko wapi.

Nimeliweka nafasi ya kwanza kwa sababu moja kubwa: unaweza kutazama minada iliyokwisha na bei zilizolipwa kweli. Bei anayoiomba muuzaji ni ndoto yake tu. Kama bunduki kumi aina ya Mossberg 500 za hali ileile zimeondoka kwa bei fulani mwezi uliopita, hiyo ndiyo bei yake. Andika kikomo chako kwenye karatasi, toa humo usafirishaji, kodi, makato ya kadi na ada ya FFL, kinachobaki ndicho dau lako la mwisho. Liweke mara moja, mfumo wenyewe utakupandishia kidogokidogo hadi hapo.

Ile hila ya kuvizia sekunde za mwisho hapa haifui dafu. Dau likiingia dakika 15 za mwisho, mnada unasogezwa mbele, na haufungwi mpaka zipite dakika 15 bila mtu kupandisha. Nimewahi kukaa hadi saa saba usiku nikishindana na mtu nisiyemjua kwa ajili ya darubini kuukuu. Alishinda yeye, na nikamshukuru asubuhi.

Kasoro yake ni kwamba GunBroker ni uwanja tu. Anayeuza ni mtu mwingine. Ile bunduki yangu ya dola 310 ilikuwa Remington 870 iliyotumika. Tangazo lilikuwa na picha nne nzuri, zote za ubavu wa kushoto. Niliponyanyua mfuko wa plastiki pale dukani, kijana wa kaunta akapitisha kidole ubavu wa kulia, nyuma kidogo ya kifyatulio, akasimama. Ufa, mwembamba kama unywele, ukipanda kwenye mbao za kitako kama nusu ya kidole gumba. Tangazo lilisema wazi inauzwa ilivyo, hairudishwi. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia nililifunga mwenyewe.

Tangu hapo siweki dau bila picha za pande zote mbili, mdomo wa mtutu, na namba ya utambulisho. Nawapendelea wauzaji wanaotoa siku 3 za kukagua, na nasoma malalamiko ya wateja wao kabla ya sifa.

2. Nyumba za mnada: Rock Island na Morphy

Hapa ni kwa bunduki za kale na za historia. Rock Island Auction, ya Illinois na sasa Texas pia, ndiyo iliyouza jozi ya bastola za Ulysses Grant, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani, kwa dola milioni 5.17 mwaka 2022. Morphy wako Denver, ile ya Pennsylvania. Usiogopeshwe na mamilioni. Zipo siku za mnada wanazouza vitu vya mamia ya dola, na unaweka dau ukiwa nyumbani.

Raha yake ni kwamba kitu kimeshikwa na mtaalamu, kikapigwa picha ipasavyo, kikaelezwa hadi skrubu iliyobadilishwa. Uchungu wake ni kamisheni ya mnunuzi. Ikiwa ni asilimia 20, nyundo ikigonga kwenye 1,000 wewe unadaiwa 1,200, na bado kodi na usafirishaji. Ukisahau hili mara moja hutalisahau tena.

Wapenda vya kale wana njia nzuri ya mkato. Ile leseni ya wakusanyaji, aina ya 03, ni dola 30 kwa miaka 3, na inakuruhusu kupokea mlangoni kwako bunduki zinazostahiki, kwa kawaida zilizotimiza miaka 50 zikiwa katika hali yake ya asili. Nazo zilizotengenezwa hadi mwaka 1898, sheria ya serikali kuu haizihesabu kuwa silaha za moto, ingawa jimbo lako laweza kuwa na neno lake.

3. Proxibid na HiBid

Mzee wa shambani amefariki, watoto wamemwita dalali wa mji wao, na vitu vyote vinanadiwa: trekta, kabati, sufuria, na bunduki sita. Minada ya namna hiyo ndiyo inayopita hapa. Washindani ni wachache, na picha ni mbaya. Mara nyingi maelezo ni mstari mmoja: "bunduki, inafanya kazi". Inafanya kazi gani, haisemi.

Mimi hununua huku kama dalali yuko ndani ya saa mbili za kuendesha gari, nikakague kwa mkono siku ya maonyesho. Kamisheni ipo huku pia, na kila dalali ana yake, kwa hiyo masharti ya mnada wa juzi hayakusaidii kwa mnada wa leo.

4. eBay, vifaa tu

Bunduki na risasi hawauzi. Mwaka 2007, baada ya mauaji ya chuo cha Virginia Tech, walibana hadi magazini za risasi na vipuri vingi. Lakini kwa darubini, mikoba ya bastola, mikanda, vifaa vya kusafishia na mbao za kitako, ulinzi wao kwa mnunuzi unawashinda wote hapo juu. Kitako kipya cha ile 870 nilikipata huko.

5. Matangazo ya watu binafsi

Armslist na wenzake si minada. Ni ubao wa matangazo. Katika majimbo mengi watu wawili wa jimbo moja wanaweza kuuziana bila ukaguzi wowote, na hapo ndipo mimi nagoma. Nikikutana na mtu wa hivyo namwambia tufanyie kwa FFL, ada nalipa mimi. Akikataa, sina haja ya kujua sababu.

Ukitaka kuuza

Uza GunBroker, ila mpe FFL wako kazi ya kutuma. UPS na FedEx hawapokei tena bunduki kutoka kwa mtu binafsi. Kabla hujatuma, ingiza namba ya leseni ya duka la mnunuzi kwenye FFL eZ Check, ukurasa wa bure wa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, uone kama jina na anwani vinalingana. Mnunuzi naye auangalie huohuo: matapeli hupenda kuiba jina la duka halisi, wakafungua tovuti yenye bei za kutupa na kudai walipwe kwa Zelle, njia ya kutumiana fedha za benki kwa simu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. PayPal hawaruhusu malipo ya bunduki, kwa hiyo anayekuambia umlipe huko na uandike "zawadi" anakuaga.

Kwetu sisi wahamiaji

Mwenye green card anaruhusiwa kununua. Aliye kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache, kama kuwa na leseni hai ya uwindaji. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Na swali la mwanzo la fomu linauliza kama mnunuzi halisi ni wewe. Ukimchukulia binamu asiyeruhusiwa, sheria ya mwaka 2022 imeweka kifungo cha hadi miaka 15.

Kuna jambo dogo linalowaudhi akina Juma Ali na Mohamed Said wa huku: ukaguzi kusimamishwa kila mara kwa sababu jina linafanana na la mtu mwingine. Duka linasubiri siku tatu za kazi, wewe unarudi nyumbani mikono mitupu. Waombe FBI wakuweke kwenye faili lao la hiari, watakupa namba inayoitwa UPIN, na ukiiandika kwenye fomu wanajua wewe siye yule. Ni bure.

Na mjomba wa Arusha akikuomba umtumie darubini ya bunduki tu, si bunduki yenyewe, usiikunje ndani ya fulana kwenye sanduku la nguo. Darubini za kulengea nazo zimo kwenye orodha ya Marekani ya vitu vinavyodhibitiwa kupelekwa nje ya nchi. Mtumie fulana.