Sanduku la majaribio lililoleta mazuku darasani
Sanduku hili la majaribio, ambalo nililinunua katika duka la vifaa vya shule mtaani Birere, Goma, lina unga wa bikabonati, chupa ya siki, bakuli la kioo na mishumaa miwili, mmoja mfupi na mwingine mrefu. Kabla sijamimina siki, niliwataka wanafunzi wangu wa mwaka wa tano waandike ni mshumaa upi utakaotangulia kuzimika na kwa nini. Wengi walichagua mrefu. Povu lilipopanda, mfupi ulizimika kwanza, ukaacha uzi mwembamba wa moshi, na darasa zima likanyamaza. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, hii si mazuku?" Ndiyo hasa: mazuku, gesi ya kuua inayotoka ardhini huku kwetu kwenye volkeno, ni kaboni dioksidi, ileile inayotokea siki inapokutana na bikabonati; nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni, jambo ambalo watoto wa hapa hulisikia nyumbani kabla ya kulisoma. Kasoro zipo. Maelezo ni ya Kifaransa pekee, tena yanataja jibu katika ukurasa wa kwanza (nililazimika kuyaficha), kikombe cha kupimia hakina alama, na siki ilitosha mara tatu tu. Nitalinunua tena, ila siki nitaichukua sokoni.