Kebo iliyokufa saa tano na nusu usiku

Niliapa sitaandika habari za hii kampuni ya kebo, lakini kila nikikumbuka ule usiku damu inachemka. Basi nisikilizeni.

Hapa Moscow nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Alikuwa na antena yake dirishani, anapata zile chaneli 20 za bure za kidijitali, ametulia zake. Mshenzi ni mimi. Ndiye niliyemwambia, "Bibi, weka kebo, kuna chaneli zaidi ya mia!" Fundi akaja, akaingia na viatu vyake vya matope mpaka kwenye zulia. Nchi hii kila mtu huvua viatu mlangoni, kwa hiyo pale pale ningejua tunakokwenda. Akaing'oa antena, akamwambia Bibi akaitupe.

Hizo chaneli mia zenyewe usiniulize. Nyingine ni chaneli ileile kwa saa za mkoa mwingine. Filamu za nje zinasomewa na mwanaume mmoja mwenye mafua, bwana harusi yeye, bibi harusi yeye, na huku unasikia Kiingereza kinanung'unika chini yake. Hayo nilivumilia.

Kilichoniua ni mkesha wa mwaka mpya, mwaka juzi kama sikosei. Warusi Krismasi yao ni ya Januari, tena ya kimyakimya. Sherehe yenyewe ni usiku huu, na televisheni ndiyo imamu. Saladi mezani, machungwa madogo, na ile filamu ya Kisovieti ya mlevi aliyepakiwa ndege akaamkia mji mwingine, Leningrad, ambayo wanaionesha tangu 1976 na bado wanacheka. Saa sita kasoro dakika tano rais anahutubia, kisha saa ya mnara wa Kremlin, ikulu yao, inagonga mara kumi na mbili. Bibi huandika ombi kwenye kikaratasi, anakichoma, majivu kwenye shampeni, anywe kabla ya mlio wa mwisho. Na hotuba hapitwi nayo, maana tarehe 31 Desemba 1999 Rais Yeltsin alijiuzulu hewani, hivyo kwa Bibi lolote laweza kutokea.

Saa tano na nusu, kioo cheusi. "Hakuna mawimbi."

Napiga simu. Muziki, muziki, muziki. Akapokea dada mmoja, sauti ya mtu uliyemkatishia mlo. "Mafundi watakuja baada ya sikukuu." Sikukuu zenyewe ni tarehe 1 hadi 8! Nikamwambia dada yangu, nina mzee hapa, anasubiri saa igonge. Akanijibu, "Kijana, atazame kwenye simu," akakata. Bibi ana simu ya vitufe.

Nikatoka kibarazani, baridi inakata masikio, nikafukua mitungi ya matango ya chumvi. Antena ilikuwa chini kabisa. Bibi hakuitupa! Mnara wa televisheni wa Ostankino una mita 540, ukiwa mjini hapa hata waya wa kuanikia nguo nadhani unakamata. Tatizo ni kutafuta chaneli upya: asilimia kumi, kumi na tano, ishirini, na Bibi ameshika kiberiti hasemi kitu. Nilikumbuka Dar es Salaam tulivyozimiwa analojia mkesha kama huo, 2012, baba anakipigapiga king'amuzi kwa kandambili.

Picha ilirudi saa ikiwa imegonga mara nne au tano. Rais alishamaliza. Bibi alichoma haraka, akaunguza kidole, akanywa. Sijui kama ombi lilihesabiwa. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyota moja, na hiyo ni ya antena.

Ila ngoja, nisiwe mwongo. Nilipotaka kuvunja mkataba, Bibi mwenyewe alikataa. Kisa? Chaneli ya uvuvi. Anakaa mchana kutwa anaangalia wanaume wametoboa barafu wanasubiri samaki. Anasema marehemu mumewe alikuwa hivyohivyo. Fundi alipokuja, tarehe tisa kweli, alitengeneza kwa dakika tatu na safari hii alivua viatu. Basi nyota mbili. Tatu hata, kwa ajili ya samaki.

"Kijana, atazame kwenye simu." Hapana. Moja.