Lives Outgrown ya Beth Gibbons: uzoefu wangu wa kuisikiliza Lubumbashi

Sikiliza ngoma kwanza, sauti baadaye. Najua albamu imebeba jina la mwimbaji, na kila anayeifungua anamtafuta yule Beth Gibbons wa Portishead, anayeimba kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba nzima. Yumo. Lakini uamuzi ulioijenga albamu hii ulifanyika kwenye ngoma: Gibbons alitaka kukaa mbali na snea, ile ngoma fupi yenye nyaya chini yake inayopiga "pa!" karibu katika kila wimbo wa redio, ambayo wapigaji wa hapa kwetu huiita kesi kleri. Usipolishika hilo mapema, utasema ni albamu ya polepole tu na utaifunga kwenye wimbo wa tatu.

Kwa asiyemfahamu, maelezo mafupi yanatosha. Portishead ni kikundi cha Bristol, Uingereza, chenye albamu tatu tu za studio: 1994, 1997 na 2008. Ile ya kwanza, Dummy, ilishinda Mercury, tuzo ya Uingereza ya albamu bora ya mwaka, mwaka 1995. Mwaka 2002 Gibbons alitoa Out of Season akishirikiana na Paul Webb, aliyekuwa mpiga besi wa Talk Talk, kikundi kingine cha Uingereza. Mwaka 2014 aliimba Warsaw Simfonia ya 3 ya Górecki, mtunzi wa Poland, kwa Kipolandi, lugha asiyoizungumza, na rekodi hiyo ikatoka 2019. Vijana wa Kamalondo na Katuba wanaosikiliza rap wamekwisha msikia bila kujua: ni yeye kwenye kiitikio cha "Mother I Sober" ya Kendrick Lamar, 2022. Lives Outgrown ilitoka tarehe 17 Mei 2024 kupitia Domino, lebo huru ya London, baada ya kufanyiwa kazi kwa karibu miaka 10. Ni nyimbo 10, kama dakika 45, na ndiyo albamu ya kwanza ya nyimbo zake inayotoka kwa jina lake peke yake. Alikuwa na miaka 59.

Sasa turudi kwenye ngoma. Mpigaji ni Lee Harris, naye alitoka Talk Talk. Badala ya seti ya kawaida, alikusanya vitu vya nyumbani: vyombo vya plastiki vya kuhifadhia chakula, makopo, kikaango kipana cha kupikia wali wa Kihispania, chupa ya maji ya ngozi ya ng'ombe. Ngoma ya mguu ilikuwa sanduku lililojazwa mapazia. Msomaji wa hapa asicheke haraka. Mtoto yeyote wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliyewahi kupiga bidoni tupu na bidoni lenye maji nusu anajua kwamba ni ngoma mbili tofauti.

Sanduku la mapazia lina maana yake. Ngoma ya kawaida ya mguu ina mkia: ukishapiga, ngozi na hewa iliyomo ndani vinaendelea kutetemeka. Nguo humeza mkia huo, unabaki mshindo mfupi, "duf", kisha kimya. Kimya hicho ndicho nafasi ya mwimbaji. Na kuondoa snea kunasaidia zaidi. Nyaya zake hulia hasa kuanzia herzi 2,000 hivi (yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde) kwenda juu, mahali palepale zinapokaa konsonanti za mwanadamu, zile t, k na s zinazotufanya tuelewe neno. Ndiyo maana, snea ikiwepo, fundi wa studio hulazimika kupandisha sauti ya mwimbaji au mwimbaji mwenyewe kupaza. Gibbons hapazi. Karibu albamu nzima anaimba chini, pumzi inasikika, na bado hakuna anayemfunika isipokuwa vinanda vya nyuzi, ambavyo nitavilalamikia.

Mtayarishaji aliyekaa naye ni James Ford, anayejulikana kwa kazi yake na vikundi vya Arctic Monkeys na Depeche Mode. Hapa naye alishika karibu kila kitu kilichokuwa chumbani, hata kugonga nyuzi za piano kwa vijiko. Mlio wa nyuzi hizo ni wa chuma na haubembelezi. Ukizoea likembe, kile chombo cha ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, ambalo sahani yake imefungwa vipande vya bati ili lilie kwa mkwaruzo, sikio lako litaupokea bila shida kuliko sikio la mtu aliyelelewa na piano safi ya kanisani.

Wimbo wa kuanza nao si wa kwanza. Anza na wa pili, "Floating on a Moment". Unaingia na besi na gitaa, ngoma zinatambaa, na dakika za mwisho inaingia kwaya ya watoto. Watoto wakiwekwa kwenye wimbo wa watu wazima kwa kawaida wanatumwa kuleta utamu. Hapa wanaimba kuhusu safari ya wote, ile isiyorudi, kwa sauti nyepesi isiyo na simanzi. Sikio la Katanga lina kipimo chake kwa jambo hili: Missa Luba, iliyozaliwa Kamina miaka ya 1950, ambako wavulana wanaimba misa juu ya ngoma na kyondo, ngoma ya gogo, bila kulegea hata chembe. Watoto wa Gibbons hawana nguvu ile, wala hawakuitafuta. Wanachofanana nacho ni unyoofu: hawapambi noti.

"Reaching Out" ndio wimbo wenye mwendo kuliko zote, una tarumbeta na unasukuma. Kama una rafiki wa kumshawishi, mpigie huo. "Oceans" ni wa mwanamke ambaye mwili umemwambia kwamba muda wa kuzaa umekwisha. Sijui wimbo mwingine unaolisema jambo hilo bila aibu wala kelele kiasi hiki, na mama zetu ambao hulisema kwa mafumbo tu wangeuelewa wakitafsiriwa. "For Sale" naupita. Ni mzuri, lakini umezunguka palepale.

Wa tisa, "Beyond the Sun", ndipo mbinu yote ya ngoma inalipa. Mapigo yanakuwa mazito, sauti za pamoja zinajaa, vyombo vya kupuliza vinaanza kukoroma na kugombana juu ya noti moja inayong'ang'ania chini. Hata hapo snea haipo. Nguvu inatoka kwa wingi wa vitu vidogo vinavyopigwa pamoja, kama kwenye matanga watu wanapokosa ngoma wakaanza kupiga meza, chupa na viti. Anayesubiri seben, ile sehemu ya rumba ambapo gitaa linachangamka na watu wanacheza, atasubiri mpaka albamu iishe. Hapa wimbo haufunguki, unazidi kujikaza.

Na gitaa? Hapa msikilizaji wa Lubumbashi anaweza kukata tamaa, kwa sababu tumeharibiwa na Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wetu wa Katanga. Tangu Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, mtu wa hapa anategemea kidole gumba kitembee na kidole cha shahada kijibu, vidole viwili vifanye kazi ya watu wawili. Gitaa la albamu hii halitembei. Linashikilia kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, linazungusha mfano mmoja, linaacha nyuzi zingine zisikike zikilia zenyewe. Kama "Lost Changes" ingepewa gumba la Kikatanga, ingekuwa imeharibika. Imenichukua muda kukubali hivyo.

Kuhusu namna ya kuipata na kuisikiliza, hapa ndipo wengi watakosea, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Hesabu ya mega kwanza. Kwa dakika 45, ukisikiliza mtandaoni kwa kiwango cha chini cha kilobiti 96 kwa sekunde unatumia kama mega 32. Kwa 160 ni mega 54. Kwa 320 ni mega 108. Faili zisizopunguzwa ubora, za kiwango cha CD, ni mega 476 zikiwa wazi, na zikibanwa kwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza ubora, mara nyingi hushuka hadi karibu nusu. Ushauri wangu: pakua mara moja kwa 320 usiku mtandao ukiwa mwepesi, halafu sikiliza bila mtandao. Kwa albamu hii, 96 ni hasara. Kinachotupwa kwanza kwenye ubanaji wa namna hiyo ni hewa ya juu na vitu vinavyolia kwa unyonge nyuma ya kitu kikubwa, na nusu ya albamu hii ni vitu vinavyolia kwa unyonge nyuma.

Flashi za sokoni ziangalie vizuri. Nyimbo nyingi humo zimetolewa kwenye video na kubanwa tena, na mtu akiandika "320" kwenye jina la faili haibadilishi kitu. Dalili ni hii: weka mwanzo wa "Tell Me Who You Are Today" na sikiliza pumzi na vidole kwenye nyuzi. Kama pumzi inasikika kama maji yanayochujwa, "shwi-shwi", faili imebanwa mara mbili. Ukitumiwa na rafiki kwa WhatsApp, mwambie aitume kama faili ("document"), asirekodi kwa kushika simu mbele ya spika. Noti ya sauti haikuundwa kwa muziki.

Spika ya simu isahau kabisa. Kwa ukubwa wake haitoi chochote cha maana chini ya herzi 300 hivi, na sanduku la mapazia liko huko chini. Ukisikiliza kwa simu, unabaki na sauti ya Gibbons ikielea bila sakafu, halafu unasema albamu haina mdundo. Bafle kubwa za baa zina kosa la upande wa pili: zimevimbishwa kwenye herzi 80 hadi 120 ili rumba na ndombolo zisikike hadi barabarani, kwa hiyo ule mshindo mfupi unarudishiwa mkia ambao mapazia yalikuwa yameumeza. Punguza besi kwa desibeli 3 hadi 4, usiguse za kati, na usiwekee bafle kwenye pembe ya ukuta. Kaske ya masikio ya kawaida, yenye waya, inayoziba vizuri, inashinda vyote hivyo viwili kwa bei ndogo. Kuziba ndiko kwenye maana: kifunikio cha sponji kikichakaa, besi hutoka kwanza.

Kwenye programu ya muziki zima kuunganisha nyimbo kwa kufifisha, maana miisho ya nyimbo hizi imepimwa. Zima pia kile kitufe cha kuongeza besi. Kusawazisha ukubwa wa sauti hakuhitajiki kama unasikiliza albamu nzima. Ukichanganya na nyimbo za wengine, bila hicho utakuwa unapandisha na kushusha kila dakika tatu.

Malalamiko yangu ni mawili, na ndiyo yanayonifanya nitoe nyota nne badala ya tano. La kwanza ni vinanda vya nyuzi kwenye "Burden of Life". Vimewekwa mbele, vinaingia kwenye eneo lilelile ambalo snea ilifukuzwa ili mwimbaji apate nafasi, na maneno yanazama. La pili ni matamshi. Gibbons hula silabi tangu zamani, na kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya tatu au ya nne baada ya Kiswahili, Kifaransa na lugha ya nyumbani, kusikiliza bila maneno yaliyoandikwa ni kupoteza nusu. Tafuta maneno, yasome mara moja kabla, usiyasome wakati wimbo unalia. Mada zenyewe si ngeni: mazishi yanayoongezeka kadiri umri unavyokwenda, uzazi, wasiwasi, mwili kubadilika.

Wakati wa kuisikiliza nao una maana. Mchana katikati ya mji haifai, magari yanameza kila kitu kilichopigwa polepole. Usiku umeme ukiwepo ni bora, na umeme usipokuwepo betri ya simu na kaske vinatosha, mradi mtaa umenyamaza. Wimbo wa mwisho, "Whispering Love", una filimbi juu ya gitaa jepesi, na ndani yake kuna ndege wa bustani waliorekodiwa wakiimba. Jenereta ya jirani ikiwaka, hao ndege huwasikii.