Nimesoma Five Weeks in a Balloon nikiwa kwenye treni ya Tabora, uzoefu wangu

Niseme mapema kabisa kwamba mimi ni mtu wa Tabora kwa hiyo msitegemee nitakuwa hakimu wa haki hapa. Kitabu, yaani Wiki Tano Ndani ya Puto, ni cha Jules Verne, yule Mfaransa, kilitoka Paris mwaka 1863 na ndio riwaya yake ya kwanza kabisa kwenye ule msururu wa riwaya za safari uliompa jina. Jina la kitabu nalijua miaka mingi, sema hakuna aliyewahi kuniambia kwamba puto lenyewe linaanzia safari Zanzibar na kwamba mji mkubwa wa kwanza kutua ni Kazeh, yaani Tabora ya zamani, kwetu! Ningeambiwa ningekitafuta tangu niko darasa la sita.

Nilikishusha bure kwenye simu maana Verne alifariki 1905 na hakimiliki ilishaisha zamani. Nilikuwa nampeleka mtoto wa dada yangu kwa bibi likizo, ana miaka 12, na tulipanda treni ile ya zamani kwa sababu SGR, ile treni mpya ya umeme, ilikuwa inaishia Dodoma, kwa hiyo muda wa kusoma ulikuwepo wa kutosha na kubaki. Nasoma Kiingereza, namsimulia kwa Kiswahili, akichoka anaangalia nje, akiona nimecheka anadai nirudie.

Stori iko hivi. Januari 1862 daktari mmoja Mwingereza, Samuel Fergusson, anasimama mbele ya Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia pale London, anawaambia atavuka Afrika kwa puto, mashariki hadi magharibi. Rafiki yake Dick Kennedy, Mskoti mwindaji, anaona ni wazimu mtupu na anapanga kumzuia, lakini kila akifungua mdomo anajikuta ameshaingizwa kwenye mipango, mpaka uzito wake umeshapigiwa hesabu. Wa tatu ni Joe, mtumishi wa daktari, kijana anayeruka sarakasi na asiyekosa neno. Wanafika Zanzibar kwa meli, watu wa mjini wanawachachamalia kwamba hawa wanataka kwenda kuchokoza jua na mwezi, basi inabidi puto likajaziwe gesi kwenye kisiwa pembeni, na tarehe 18 Aprili saa tatu asubuhi linaachiwa. Linaitwa Victoria.

Tahadhari hapa. Kabla ya kuruka kuna sura kama kumi za maandalizi, na moja ni orodha ya majina ya wapelelezi wote waliowahi kukanyaga Afrika, limejaa utadhani matokeo ya mtihani yamebandikwa ubaoni. Nimeiruka bila aibu. Kitabu kizima kina sura 44, fupi fupi, ila zina ugonjwa mmoja, juu ya kila sura mwandishi ameweka muhtasari wa yatakayotokea humo ndani, yaani anajiharibia uhondo mwenyewe. Dogo alipogundua akawa ananiziba macho na kiganja nikifungua sura mpya.

Lakini wakisharuka, jamani! Kwa siku mbili tu wako Kazeh, na daktari anapiga hesabu kwamba Burton na Speke, wapelelezi wa kweli wa Kiingereza, njia hiyohiyo iliwachukua miezi minne na nusu. Sisi wakati nasoma hapo tulikuwa tumesimama kastesheni fulani baada ya Morogoro, saa nzima, hakuna aliyetuambia tunasubiri nini, kina mama wanapitisha ndizi na mayai madirishani. Dogo akasema kwa utulivu kabisa, mjomba bora tungepanda puto.

Kilichonishika zaidi ni ufundi wa lile puto. Tatizo la maputo ya gesi ni kwamba ukitaka kupanda unatupa mchanga, ukitaka kushuka unaachia gesi, na vyote viwili vikiisha safari imeisha. Sasa Fergusson anasema upepo wa chini na wa juu havielekei njia moja, kwa hiyo mwenye uwezo wa kupanda na kushuka apendavyo anaweza kuchagua upepo kama mtu anavyochagua daladala. Dawa yake: ana maji, ana betri ya umeme inayotenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, anaziunguza zile gesi, moto unapasha koili, koili inapasha haidrojeni iliyomo ndani ya puto, inatanuka, puto linapanda. Akipunguza moto linashuka. Hakuna mchanga wala gesi inayopotea. Nilivyomweleza dogo alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi, darasani kwao wameshafika kwenye kutanuka kwa gesi.

Ukikaa ukafikiria, haiwezi kufanya kazi. Umeme wa kutenganisha maji unakula nishati yote utakayoipata ukiziunguza hizo gesi na zaidi, kwa hiyo hiyo betri ingetakiwa iwe kubwa kuliko puto lenyewe. Halafu moto chini ya haidrojeni! Mwaka 1783 Pilâtre de Rozier alikuwa mmoja wa watu wawili wa kwanza kuruka na puto lililoachiwa huru, pale Paris, na Juni 1785 huyohuyo akajaribu kuvuka kwenda Uingereza na puto lililochanganya haidrojeni na moto, likaporomoka kutoka angani, akafa yeye na mwenzake. Verne lazima alikuwa anaijua hiyo habari maana ilikuwa maarufu, lakini anampitisha daktari wake kwa maneno ya kujiamini mpaka unasahau kuuliza. Huo ndio uandishi bwana, uongo wenye vipimo.

Sasa Kazeh. Hapa ndipo nilipokasirika nikiwa nacheka. Puto linafika juu ya soko, watu wanadhani ni mwezi umeshuka, na wale wazungu watatu ni watoto wa mwezi! Daktari anapelekwa kumtibu mtawala ambaye anakufa kwa ulevi, Joe kule nje anachezewa ngoma kama mungu, mambo yanaenda vizuri, mara mwezi wenyewe unachomoza, mwekundu, mzuri. Umati unaangalia mwezi, unaangalia puto, miezi miwili haiwezekani, na hapo ni mbio. Mganga mmoja anang'ang'ania kamba ya nanga anapaa nayo hewani mpaka wanamshusha mbele huko.

Kama kichekesho imepangwa vizuri sana, sikatai. Nilipofika Tabora nikamsimulia mama yangu, yaani bibi yake dogo, kajifunga kanga yake anachambua mchicha. Akasikiliza hadi mwisho akauliza, "Huo mwezi ulikuwa na kamba?" Nikasema ndiyo. "Na wazungu wananing'inia kwenye kapu?" Ndiyo mama. Akasema basi huyo aliyeandika hajawahi kukutana na Mnyamwezi, akaendelea na mchicha.

Na ana pointi. Verne hakuwahi kufika huku, alikuwa Paris anasoma ripoti za akina Burton. Amesikia Unyamwezi maana yake nchi ya mwezi, akajenga sura nzima juu ya hilo jina. Lakini jina lenyewe, kwa maelezo tuliyokua nayo, ni la watu wa pwani, walituita hivyo kwa sababu tuko magharibi ambako mwezi mwandamo unaonekana kwanza. Na Wanyamwezi wa 1862 hawakuwa watu wa kushangaa kitu kigeni, ndio waliokuwa wanabeba pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi, kizazi baada ya kizazi, vijana wao wameona majahazi na meli za mizinga kabla hata daktari hajakatiwa kapu. Wangeshangaa puto, sawa, nani hashangai, hata leo likipita moja juu ya Tabora kazi zitasimama. Ila wangeuliza bei.

Kuna pengine pabaya kuliko hapo na wazazi mjue. Sehemu moja daktari anazingirwa na kundi akiwa kwenye puto, wenzake walioko chini wanadhani ni wenyeji, kumbe nyani, halafu wanataniana kwamba tofauti si kubwa. Nilinyamaza kidogo kwenye kiti. Nilifikiria kuiruka kimyakimya kama ile orodha ya majina, halafu nikaona hapana, huyu ana miaka 12, atakutana na hayo maneno siku moja akiwa peke yake. Nikamsomea, nikamwambia hivi ndivyo walivyokuwa wanaandika kuhusu babu zake. Akauliza kama mwandishi aliwahi kuombwa aifute. Sikuwa na jibu la maana.

Kinachonikera zaidi ya ule utani ni jambo ambalo wengi hawalioni. Kwenye safari za kweli wazungu hawakuvuka hii nchi peke yao hata siku moja. Sidi Mubarak Bombay, Myao, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto akafikishwa mpaka India, ndiye aliyetembea na Burton na Speke, akarudi tena na Speke na Grant, baadaye akawa na Stanley, halafu Cameron, na ile Royal Geographical Society ambayo kitabu kinaanzia kwake ndiyo iliyokuja kumpa medali. Verne kwa kuwaweka watu wake angani amefuta kazi ya akina Bombay yote kwa mpigo mmoja. Hakuna mpagazi, hakuna mkalimani, hakuna wa kugoma wala wa kudai posho. Puto ni ndoto ya mtu anayetaka Afrika bila Waafrika, ndivyo nilivyoisoma mimi.

Haya, nimeshatoa dukuduku, turudi kwenye utamu maana upo mwingi. Nanga inakwama kwenye pembe za tembo, tembo anaanza kukimbia analivuta puto kama mtoto na tiara! (Kennedy anampiga risasi mpaka anakufa na wanambanika mkonga, dogo alichukia sana, Kennedy kwake hakusamehewa tena.) Usiku wanamwokoa mmishonari Mfaransa aliyefungwa anasubiri kuuawa, wanawasha taa kali ya umeme kutokea juu, lakini anakufa, na wanapomzika, Joe anagundua ardhi yote pale ni mawe ya dhahabu, anayajaza kapuni, halafu puto halipandi. Anaambiwa atupe. Anatupa jiwe moja, anahema, la pili, anabembeleza. Behewa zima lilitusikia tukicheka. Baadaye jangwani maji yanaisha na hapo kicheko hakuna, zile sura za kiu zimeandikwa vizuri hasa, nilikunywa maji yangu yote bila kujua.

Ziwa Chad ndio kilele kwangu. Ndege wakubwa wanachana puto la nje (yako mawili, moja ndani ya jingine), linaporomoka kuelekea ziwani, wametupa kila kitu bado halitoshi, mara Joe hayupo. Amejirusha mwenyewe ili wenzake wapae. Hakuna hotuba wala kuaga. Dogo hakuzungumza mpaka Manyoni.

Mwisho sitasema wanafikaje mto Senegal, nitasema tu kwamba ile mitambo yote ya daktari imeshatupwa, na wanachobaki nacho ni puto tupu na majani makavu, wanawasha moto chini yake. Hewa ya moto, ndicho walichotumia ndugu Montgolfier, wale Wafaransa wa maputo ya kwanza, mwaka 1783 kwa kuchoma majani makavu na sufu. Anaanza na umeme na kuishia na mbinu ya miaka themanini nyuma, nilipiga makofi peke yangu.

Halafu hili lilinitoa jasho. Ndani ya kitabu puto linapita Ziwa Victoria na daktari anathibitisha kwamba Nile inaanzia pale. Kitabu kimetoka mwisho wa Januari 1863, wakati huo Speke wa kweli bado yuko njiani anarudi kutoka Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, Ulaya hawajapata habari. Jamaa alibashiri akapatia. Na miaka mia baadaye, 1962, Mwingereza Anthony Smith akaja kurusha puto la haidrojeni kutoka Zanzibar kweli, likavuka bahari mpaka bara, alilipa jina Jambo.

Kwa anayetaka kukisoma, chukua cha bure kwenye simu, hiyo tafsiri ni ya karne ya 19 na Kiingereza chake kizito lakini kinazoeleka. Nilinunua pia nakala ya karatasi kwa muuzaji mmoja mtandaoni ili nimwachie dogo, ikaja maandishi madogo kama ya kwenye boksi la panadol na kurasa za katikati zimerudiwa mara mbili, pesa imeenda. Umri, miaka 11 kupanda juu na mtu mzima awe karibu. Mtoto asisome peke yake. Nyota tatu na nusu, ile nusu ni ya Joe.

Dogo sasa anataka apelekwe Serengeti kwenye yale maputo ya watalii ya alfajiri. Nikaangalia bei, iko kwa dola, nikafunga simu. Badala yake tulichukua nailoni ya dobi, ile nyepesi ya kufunikia suti, tukafunga waya chini na pamba iliyolowa spiriti. Lilipanda vizuri tu mpaka usawa wa dirisha, likayumba, likaenda kuegemea pazia la sebuleni kwa dada.

Pazia nimelipa.